Baraza ya Jamaa: Tangazo Lifike Nyumba ya Mwisho



Juma hili twataka kusemezana nanyi juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu hulipokea karibu kila siku, wala hatulifikiri sana: habari za serikali na za mji. Nani amesema soko lihamishwe? Salongo ni lini, na ni ya barabara ipi? Kodi hii mpya imetoka wapi? Shule zitafunguliwa au zitafungwa? Je, ni kweli kwamba watu wa kule juu wanakimbia? Maneno ya namna hii hutembea Kiwanja tangu alfajiri mpaka usiku, kwa mdomo, kwa simu, kwa redio na kwa matangazo ya kanisani. Mengine ni kweli, mengine ni nusu ya kweli, mengine ni uwongo mtupu. Na mtu wa Kiwanja ajua kuliko wengi ya kuwa neno la uwongo, au neno la kweli lisilofika mahali pake, laweza kuleta msiba.

Mji wa njia panda

Kiwanja ipo kaskazini ya Goma, mwendo wa kilomita 70 na zaidi kidogo kwa barabara kubwa, jirani kabisa na Rutshuru penye makao makuu ya teritware. Hapo barabara hugawanyika. Mkono mmoja wakwea kaskazini kwenda Kanyabayonga, Lubero na Butembo. Mkono wa pili waelekea kaskazini-mashariki kupitia Nyamilima hata Ishasha, mpakani mwa Uganda. Tangu zamani maharagwe, mahindi na nyanya hupita hapa, na pamoja na magunia hupita maneno. Dereva wa lori ashuka kunywa chai, amweleza kijana wa pikipiki mambo aliyoyasikia njiani. Kijana amwambia abiria wake. Abiria afika nyumbani na habari iliyokwisha kuota mikono na miguu.

Wazee walisema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii ina hekima yake, kwa maana yatufundisha tusidharau dalili za mambo. Lakini haikutungwa ili kila lisemwalo lisadikiwe papo hapo. Mtu mwenye akili husikia, hupima, huuliza, kisha hutenda. Hayo ndiyo tunayotaka kuyaeleza leo kwa mifano ya kwetu, wala si ya mbali.

Siku mbili za Novemba 2008

Mfano wa kwanza ni wa huzuni, nao twautaja kwa heshima ya marehemu na ya jamaa zao. Mwisho wa mwezi wa Oktoba 2008 wapiganaji wa CNDP waliteka Rutshuru na Kiwanja. Tarehe 4 Novemba Mai-Mai waliwashambulia, na tarehe 5 CNDP wakaushika tena mji. Wakaaji waliamriwa kuondoka. Wengi walikwenda, akina mama na watoto mgongoni na godoro kichwani. Lakini si wote waliokwenda. Walikuwapo wagonjwa, na wazee wasioweza kutembea. Walikuwapo waliobaki kulinda nyumba na mali yao. Walikuwapo pia wasiosikia amri yenyewe. Kisha wapiganaji wakapita nyumba kwa nyumba wakawaua waliowakuta, hasa wanaume na vijana, wakidai kwamba ni Mai-Mai. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu watu wapatao 150 waliouawa katika siku hizo mbili. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulitaja wasiopungua 67. Mai-Mai nao waliwaua raia. Askari wa Umoja wa Mataifa walikuwa na kambi yao jirani, wala hawakuweza kuzuia. Na gazeti la New York Times liliandika Desemba ya mwaka ule kwamba hawakuwa hata na mkalimani wa lugha zilizohitajiwa.

Hapa yatupasa kusema wazi, asije mtu akaelewa vibaya. Hatia ya mauaji ni ya wauaji. Mzee aliyebaki kitandani hakutenda kosa lolote, wala kijana asiyesikia amri hakustahili kufa kwa sababu hiyo. Aidha hatumlaumu jirani aliyekimbia. Katika saa ile kila mmoja aliokoa alichoweza kubeba. Twayakumbuka haya kwa sababu moja tu: tangazo lililosikika na wengi halikumfika kila mtu, na wale ambao halikuwafika, au liliwafika bila nguvu ya kulifuata, ndio waliokuwa wanyonge kuliko wote. Neno la hatari hufika upesi kwa mwenye redio, mwenye simu na mwenye miguu mizima. Kwa kipofu, kwa mjane wa mwisho wa barabara, kwa mgonjwa, hufika likiwa limechelewa, au halifiki kabisa.

Goma, Mei 2021

Mfano wa pili waonyesha tangazo lililo bora, pamoja na upungufu wake. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulipasuka. Watu wengi waliliona anga jekundu kabla ya kusikia neno lolote la wakubwa, wakakimbia kila mtu kwa njia yake. Lakini alfajiri ya tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi wa Kivu ya Kaskazini, Jenerali Constant Ndima, alitoa amri ya kuhama. Alitaja kartie 10 kati ya kartie 18 za mji, moja moja kwa jina lake. Alieleza sababu, kwamba moto wa chini ya ardhi ulionekana umeenea chini ya mji na chini ya ziwa. Alitaja upande wa kuelekea, ndio Sake. Hata mtoto wa darasa la nne angeweza kujua kama nyumba yao imo au haimo.

Mamia ya maelfu ya watu waliondoka. Wengine walikwenda Sake, wengine Rwanda, wengine wakaja huku kwetu Rutshuru, wakapokewa katika nyumba za ndugu na za wasio ndugu. Amri ilikuwa wazi, lakini maandalizi hayakuwa sawa nayo: Sake haikuwa na maji wala makao ya kuutosha umati ule. Kwa hiyo somo ni la pande mbili. Mkubwa anayetangaza awe wazi, tena awe amefikiri watu watalala wapi na watakunywa nini. Na raia anayesikia asikilize mpaka mwisho, maana wapo waliohama ambao kartie zao hazikutajwa, wakapata taabu ambayo wangeweza kuiepuka.

Uvumi nao huua

Wengine watasema: afadhali kusikia uwongo ukakimbia bure, kuliko kukosa kusikia ukafa. Katika vita neno hilo lina ukweli wake. Lakini tukumbuke ugonjwa wa Ebola uliotangazwa jimboni kwetu tarehe 1 Agosti 2018, na ambao mwisho wake ulitangazwa tarehe 25 Juni 2020. Waliougua walikuwa 3,470, na 2,287 kati yao walikufa. Ilienea sauti kwamba ugonjwa haupo, kwamba ni biashara ya waganga, kwamba waendao hospitalini hudungwa sindano ya kifo. Kwa sababu ya maneno hayo wagonjwa walifichwa vyumbani, maiti ziliogeshwa kwa siri, na ugonjwa ukapita toka mkono hata mkono. Vituo vya matibabu vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019 huko Butembo aliuawa kwa risasi Daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni, aliyekuja kuwatibu watu wetu. Mababu walifundisha kwamba mjumbe hauawi. Na yeye alikuwa zaidi ya mjumbe, alikuwa tabibu.

Amri ya Nane ya Mungu yakataza kumshuhudia jirani uwongo. Wengi wetu tulipojifunza katekisimu tulidhani amri hiyo ni ya mahakamani tu. Yahusu pia maneno ya njiani. Papa Fransisko, katika ujumbe wake wa mwaka 2018 kwa Siku ya Upashanaji Habari Duniani, alimtaja nyoka wa bustani ya Edeni kuwa ndiye aliyetunga habari ya uwongo ya kwanza. Na Papa Yohane wa 23, katika barua yake Pacem in Terris ya tarehe 11 Aprili 1963, alifundisha kwamba kila mwanadamu ana haki ya kupewa habari za kweli juu ya mambo ya watu wote. Basi tazameni: habari ya kweli ni haki ya raia, si zawadi ambayo mkubwa humpa akipenda. Na kwa kuwa ni haki ya jirani yangu pia, mimi ninayempelekea habari nina deni kwake la kusema kweli.

Nani ni nani katika serikali

Ili mtu apime tangazo, sharti ajue nani ana ruhusa ya kulitoa. Wengi husema tu "Leta imesema", kama wazee walivyosema zamani za Wabelgiji, kana kwamba Leta ni mtu mmoja mwenye mdomo mmoja. Tueleze kwa ufupi mpango ulioandikwa katika Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 na katika sheria za mwaka 2008.

Kivu ya Kaskazini ni jimbo lenye teritware sita: Beni, Lubero, Masisi, Nyiragongo, Rutshuru na Walikale. Teritware ya Rutshuru ina sheferi mbili, Bwisha na Bwito. Bwisha ina grupema saba: Binza, Bukoma, Busanza, Bweza, Jomba, Kisigari na Rugari. Chini ya grupema vipo vijiji. Na katika miji zipo kartie, barabara na nyumba kumi. Kiwanja, iliyo upande wa Bukoma, hutajwa pia kuwa komini ya vijijini, na mkubwa wa komini huitwa burugumestri.

Sasa yapo mambo mawili ya kushika. La kwanza: kwa sheria, mji, komini, sekta na sheferi ndizo zenye kujitawala katika mambo yao, zina hazina yake, zina baraza lake, zaweza kushitaki na kushitakiwa. Teritware haimo katika hesabu hiyo. Msimamizi wa teritware huwekwa na serikali kuu awe jicho lake na mkono wake. La pili: mkubwa wa grupema, wa kijiji au wa kartie hawezi kubuni kodi kwa kichwa chake. Yeye hutangaza na kutekeleza yaliyoamriwa juu yake kwa sheria.

Mtasema: hayo ni ya kitabuni, mwalimu, sisi tumeona wakubwa wakibadilishana kama majira ya mvua. Ni kweli. Mwaka 2008 walikuja CNDP. Mwezi wa Julai 2012 M23 waliingia Rutshuru na Kiwanja, wakaondolewa Oktoba 2013. Tarehe 6 Mei 2021 ulianza utawala wa kijeshi katika Ituri na Kivu ya Kaskazini. Tarehe 29 Oktoba 2022 M23 waliingia tena. Na tarehe 20 Desemba 2023, taifa lilipopiga kura, watu wa Rutshuru na wa Masisi hawakupiga, kwa sababu ya vita. Lakini mtu aliyepotea msituni haitupi dira yake kwa kuwa njia haionekani. Anayeijua sheria hujua angalau kama anatawaliwa au ananyang'anywa, na siku ya amani atakuwa tayari kudai yaliyo yake.

Maswali manne

Twawashauri wasomaji, na hasa vijana wa shule ambao wazazi huwategemea kusoma karatasi, wazoee kuuliza maswali manne mbele ya kila tangazo.

Swali la kwanza: nani amesema? Si "watu wanasema", bali jina la ofisi na cheo cha mtu.

Swali la pili: kwa hati gani? Amri ya kweli huwa na tarehe, namba, sahihi na mhuri. Ujumbe wa simu uliopitishwa mikono mingi, usio na tarehe wala jina, haujawa tangazo.

Swali la tatu: yahusu nani, na mahali gani? Salongo ya kartie moja si ya mji mzima. Soko likifungwa leo, si kwamba limefungwa daima.

Swali la nne: tangu lini hata lini? Maneno mengi ya uwongo yalikuwa kweli mwaka jana. Mtu huipata picha ya zamani katika simu, huituma tena kama ya asubuhi hii, na kabla ya saa sita mtaa wote umefunga virago.

Tutoe mfano wa sokoni. Mama anauza maharagwe. Anakuja kijana na kibeti begani, ataka fedha.

"Mama, toa ya soko."

"Karibu, papa. Ni ya jetoni ya kila siku, au ni nyingine?"

"Ni nyingine. Ni mpya."

"Sawa, papa. Imeandikwa wapi, nami nisome? Na kitansi yake iko wapi?"

"Mama, wewe una maneno mengi. Kitansi itakuja kesho."

"Basi, papa yangu, na fedha zitakuja kesho pamoja na kitansi. Sikukatalii, nataka tu watoto wangu wasiniulize fedha zimekwenda wapi nikakosa jibu."

Mama huyu hakutukana, hakupiga kelele, wala hakukana kodi ya haki. Aliomba kitansi, yaani stakabadhi, ambayo ni haki yake. Lakini tuseme pia neno la busara: hatumfundishi mama kubishana na bunduki. Penye silaha, uhai ni kwanza. Atoe, anyamaze, akumbuke siku, saa na kiasi, akamweleze mumewe, mkubwa wa barabara au mtu mwaminifu wa parokia. Jambo lililokumbukwa vema laweza kuhukumiwa siku yake ikifika.

Kodi na matunda yake

Mkristu hulipa kodi. Bwana wetu mwenyewe aliulizwa juu ya kodi, wala hakuikataa. Lakini anayelipa ana haki ya kuuliza matunda yake. Kifungu cha 175 cha Katiba chasema kwamba mapato ya taifa yakikusanywa, 40 kwa mia ni ya majimbo, nayo yazuiwe papo hapo yanapokusanywa. Tena sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 yasema kwamba katika fungu hilo la jimbo, 40 kwa mia ni ya miji, komini, sekta na sheferi. Wanafunzi na wafanye hesabu: katika kila franka 100 za mapato hayo, 40 zaenda jimboni, na katika hizo 40, franka 16 zingefika kwa watu wa chini, kwa daraja lao, chemchemi yao na barabara yao ya shambani.

Yajulikana kote nchini kwamba sheria hiyo haikutimizwa kama ilivyoandikwa. Lakini ni wangapi kati yetu walioijua? Raia asiyejua kwamba zipo franka 16 hawezi kuuliza zimeishia wapi. Daraja likivunjika husema ni mapenzi ya Mungu. Mapenzi ya Mungu si madaraja yaliyovunjika. Kwa hiyo twawaomba wakubwa wenye nia njema, popote walipo, waandike mlangoni pa ofisi katika Kiswahili chepesi: juma hili zimeingia kiasi hiki, zimetoka kiasi hiki, kwa kazi hii. Karatasi moja ya namna hiyo huua uvumi mia.

Siku 90 za mtoto

Tangazo moja lisilopigiwa kengele ni lile la kuandikisha watoto. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto yasema kwamba kila mtoto aandikishwe katika ofisi ya serikali, ile watu waiitayo etasivili, katika siku 90 baada ya kuzaliwa, na bila malipo. Siku hizo zikipita, yahitajiwa hukumu ya mahakama, na safari, na gharama.

Wazazi wengi Wakristu hudhani ubatizo watosha. Cheti cha ubatizo ni hazina kubwa mbele ya Mungu na Kanisa, lakini si cheti cha kuzaliwa mbele ya serikali. Mtoto asiye na karatasi hiyo hupata shida ya kuonyesha umri wake, urithi wake na uraia wake, na katika nchi yetu, ambamo watu wengi wamekufa kwa sababu ya swali "wewe ni mtu wa wapi?", karatasi hiyo si jambo dogo. Vita ikizuia ofisi, mzazi atunze karatasi aliyopewa na mkunga au hospitali, aiweke pamoja na cheti cha ubatizo mahali pakavu, na nakala nyingine kwa ndugu aliye mbali. Nyumba yaweza kuungua mara moja. Karatasi zilizo mahali pawili haziungui zote.

Tena tukumbuke kwamba Yosefu na Maria walikwenda Bethlehemu kwa sababu ya tangazo la serikali la kuandikisha watu. Safari ilikuwa ngumu, mama alikuwa na mimba, na mji haukuwa na nafasi. Hata hivyo walikwenda, na Mwana wa Mungu akazaliwa katika mji wa kuandikishwa.

Kazi ya shirika

Sasa twafika kwenye neno lenyewe la leo. Katika parokia zetu Wakristu wamepangwa kwa mashirika, zile jumuiya ndogo za majirani. Maaskofu wa Kongo walichagua njia hiyo mwaka 1961, kabla ya nchi nyingine nyingi. Shirika si la rozari na michango peke yake. Ni majirani wanaojuana kwa majina, wanaojua nani ni mgonjwa, nani ni kiziwi, nani amebaki peke yake na wajukuu. Hakuna ofisi ya serikali ijuayo mambo hayo vizuri kama mashirika yetu.

Basi twatoa shauri hili. Kila shirika liandike orodha ya nyumba ambazo tangazo huzifikia kwa shida: ya mzee asiyetembea, ya kipofu, ya mjane, ya mama aliyejifungua juzi, ya mgeni mkimbizi asiyejua bado lugha ya jirani, na pia ya asiye Mkatoliki, maana hatari haiulizi dini. Kwa kila nyumba wachaguliwe watu wawili, si mmoja, wa kuipelekea habari. Likitoka tangazo la chanjo, hao wawili huenda. Likitoka tangazo la maji machafu, huenda. Ikitoka amri ya kuhama, huenda kwanza huko, na ikiwezekana huenda na mikono ya kubeba. Wawili hao wasiongeze neno wala wasipunguze. Wakiulizwa wasichojua, waseme hawajui, kisha wakaulize.

Orodha hiyo isiwe ya siasa, wala isionyeshwe kwa mtu mwenye silaha. Watunzaji wake wawe waaminifu na wenye kunyamaza. Tena isiandike kabila la mtu yeyote. Mwenye kuhitaji msaada huandikwa kwa jina lake na mlango wake, basi.

Matangazo ya baada ya Misa nayo tuyasikilize. Wapo ambao, padri akisema tu "matangazo", huinuka na kutoka kwenda kutafuta pikipiki. Ndugu, huenda neno ambalo jirani yako alilihitaji limesemwa dakika ile. Asomaye matangazo na asome polepole, mara mbili, kwa Kiswahili kieleweke kwa bibi wa shamba; na palipo na haja arudie kwa Kinyarwanda au Kinande. Redio ni njema: Radio Okapi imesema Kiswahili tangu mwaka 2002, na redio ndogo za mahali zimefanya kazi kubwa katika hatari kubwa. Lakini redio haiwezi kubisha hodi.

Neno kwa wanafunzi

Wanafunzi wapenzi, ninyi mna simu au mtazipata upesi. Kidole chenu chaweza kutuma neno kwa watu mia kabla kengele ya kwanza haijalia. Zamani mwongo alichoka kutembea. Siku hizi uwongo hautumii miguu. Mkipokea habari ya kutisha, ngojeni kidogo, mpeni mwalimu au mzazi aisome, ulizeni maswali manne. Kuinyima habari ya uwongo njia ni kazi ya mwenye kupenda mji wake, hata kama hakuna atakayemsifu kwa hilo.

Na nyumbani, msomeeni babu karatasi iliyobandikwa sokoni. Msimweleze tu "ni mambo ya kodi". Someni yote, mstari kwa mstari, pamoja na tarehe na sahihi. Elimu mliyopewa si yenu peke yenu.

Mwisho

Wasomaji wapenzi, jioni ya Jumapili hii, shirika likikutana, tangulizeni swali moja kabla ya sala ya mwisho: likitoka tangazo usiku huu, nani atakwenda katika nyumba ya mwisho ya barabara yetu? Msiondoke kabla ya kupata majina mawili. Na kesho yake hao wawili waende wakamsalimu mwenye nyumba, ajue nyuso zao na sauti zao, asije akaogopa siku watakapobisha gizani.

Mungu awalinde watu wa Kiwanja na wa Rutshuru yote, awarehemu marehemu wetu wa Novemba 2008, na atupe wakubwa wasemao kweli na raia waitafutao.

Tumsifu Yesu Kristu.